Masanduku ya Vikasuku

Fundi Laurian alikuwa na dini yake katika useremala, nayo ilikuwa na amri moja: mbao isiyopakwa oili chafu ni chakula cha mchwa. Alipaka nguzo, alipaka miimo ya milango, alipaka chaga za vitanda kwa upande wa chini. Hata banda la kuku la mama yake kule Nyakahura alilipaka tangu akiwa kijana, ili kuua utitiri, na kuku hawakuwahi kulalamika. Nyakanazi palikuwa pazuri kwa imani ya namna hiyo. Malori ya chakula cha wakimbizi yalilala pale njia panda yakielekea Ngara, madereva wakabadilisha oili pembeni ya barabara, na mtu mwenye dumu alijichotea bure kama anayechota kisimani.

Kwa hiyo siku Niyonzima alipofika karakana na kumwambia kwamba masanduku ya ndege yasipakwe chochote, si oili, si rangi, si vanishi, Laurian alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Niyonzima, unataka kuwalisha ndege au mchwa?"

"Ndege, fundi. Mchwa wana Mungu wao."

Ndege wenyewe walikuwa wa Mama Joyceline, mwenye gesti kubwa kuliko zote pale njia panda. Aliachiwa na mzungu mmoja wa shirika la misaada aliyefunga virago baada ya Wanyarwanda kurudishwa kwao. Watu waliwaita vikasuku, kwa sababu walikuwa na mdomo wa kasuku na mwili wa shomoro, wengine kijani, wengine buluu, wengine njano ya ndizi mbivu. Mama Joyceline aliwajengea banda la waya uani, refu kiasi cha mtu mzima kusimama ndani, na madereva wakazoea kwenda kunywea chai mbele yake. Mama akaona fahari. Akataka waongezeke, awauze, awagawie wakubwa wa wilaya, jina lake lifike Biharamulo mjini. Lakini vikasuku walikula ulezi wake, wakaimba, wakachafua, na hawakutaga hata yai moja.

Niyonzima ndiye aliyeeleza kwa nini. Alikuwa Mrundi wa Muyinga, na kabla ya vita aliwatunza ndege kama hao nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja. Kikasuku hasuki kiota kama kwera, alisema. Kwao hutaga ndani ya pango la mti. Pasipo na pango hapana yai. Mtengenezee sanduku lenye giza, tundu la kuingilia la kutosha bega lake, kijiti cha kutulia nje, na kwenye sakafu chimba kijibonde ili mayai yasitawanyike. Masanduku yazidi idadi ya majike, na yote yatundikwe usawa mmoja, maana majike hugombania la juu mpaka kuuana. Alimchorea Laurian yote hayo kwa mkaa kwenye ukuta wa karakana.

Laurian alimpenda kijana yule. Si kwa huruma. Huruma kwa wakimbizi ilikuwa imekwisha Nyakanazi siku nyingi, imekwisha pamoja na kuni na usalama wa barabara. Alimpenda kwa sababu alijua kushika ubao upande wa pili bila kuambiwa, na kwa sababu alikuwa na utani mkavu. Mchana kazi ya ndege ikiisha, Niyonzima alikuja karakana, wakakaa, wakala mahindi ya kuchoma, wakataniana. Mara nyingine alikuja na binti yake mdogo, Nimpaye, aliyependa kujivika maranda marefu mikononi kama bangili.

Ndiyo maana Laurian alijua kilichokuwa kinasubiri kuanguliwa pale, na hakikuwa yai. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila mkimbizi anayeishi mitaani arudi kambini. Niyonzima na mkewe Iradukunda walikuwa wamekwisha kukaa kambini. Mtoto wao wa kwanza walimzika huko, kwa kuhara damu. Iradukunda alisema atarudi kule akiwa amebebwa maiti. Na Mama Joyceline, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mfanyabiashara, alimwita Niyonzima mbele ya Laurian, akamweleza bila kuficha.

"Mtendaji wa kata ananisikiliza. Nikimwambia huyu ni mtu wa kazi ambaye siwezi kumpata kwingine, atawaacha mkae. Lakini siwezi kusema uongo kwa ajili ya mtu anayelisha ndege tu, hata mtoto analisha ndege. Wakiangua, nitasimama. Wasipoangua, usinilaumu."

"Wataangua, mama," Niyonzima alisema.

Mama akatoa mbao za mninga, kavu, nyekundu, zilizonyooka. Zilibaki kwenye ujenzi wa baa yake. Laurian alizibeba hadi karakana akizipapasa njiani kama mtu anayeongoza ng'ombe wa mahari.

Hapo shetani akamkuta.

Miezi ile majambazi wenye bunduki walikuwa wanapita vijijini. Walivunja Mabawe, walipora barabarani, wakavunja kwa jirani yake Laurian upande wa juu, wakamwacha mzee wa watu kafungwa kamba kwenye nguzo. Kila mtu alisema ni wakimbizi. Kila mtu akataka mlango. Laurian alitengeneza milango ya mji mzima, na yeye mwenyewe, kama kawaida ya mafundi, alilala nyuma ya mlango wa mabati uliofungwa kwa waya. Mkewe Domisiana alikuwa hapati usingizi. Kila mbwa akibweka alikaa kitandani, akamshika mumewe mkono, wakasikiliza.

Mninga ule ulitosha mlango mmoja. Ungetosha pia masanduku. Usingetosha vyote viwili.

Alijiambia ndege hawajui mninga. Alijiambia pia, na hili ndilo lililomtuliza, kwamba ataazima tu, atarudisha. Akapiga mlango, mzito, wenye komeo ndani, na Domisiana usiku ule akalala fofofo mpaka jogoo wa pili. Masanduku akayatengeneza kwa vipande vya mkaratusi vilivyokuwa vimetupwa nyuma ya karakana, vyenye vumbi la bungua, yule mdudu mtoboa mbao, katika kila tundu. Na kwa kuwa mbao zile zilitia aibu, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa na dini yake, alizipaka oili chafu nje na ndani. Zikawa nyeusi, bungua hakuonekana. Akazianika juani, akazisugua kwa vumbi la udongo mwekundu, akanusa, akaona zinapita. Aliyetarajia mninga angeona mninga wa zamani.

Niyonzima alipokuja kuyachukua aliyageuza moja baada ya jingine, akatia kidole kwenye kijibonde, akapitisha mkono kwenye tundu.

"Umechimba vizuri, fundi," alisema.

Siku hiyo waliyatundika pamoja. Niyonzima alisimama juu ya stuli, Laurian akimpa misumari, na vikasuku wakakimbilia pembe ya banda wakipiga kelele kama wanafunzi waliomkosa mwalimu. Niyonzima alijaza maranda ndani ya kila sanduku, mengi kuliko yaliyohitajika. Kabla hawajatoka, jike mmoja wa kijani, mwenye pua ya kahawia, alitua kwenye kijiti, akachungulia ndani, akatoka, akachungulia tena. Mama Joyceline alipiga makofi. Laurian naye akafurahi, furaha ya kweli, maana mtu anaweza kuiba asubuhi na kufurahi mchana. Moyo wa binadamu una vyumba vingi.

Walitaga. Habari ilienea njia panda nzima kwamba vikasuku wa Mama Joyceline wametaga, vijiyai vyeupe vidogo kama ncha ya kidole. Madereva waliuliza habari za ndege kabla ya kuuliza habari za barabara. Mama Joyceline alimletea Iradukunda kitenge. Majike wakaatamia, madume wakawa wanawalisha kupitia tundu, na Niyonzima akawa anatembea uani kwa ncha za vidole, akiwakataza wahudumu kufungulia redio.

Muda wa kuangua ukafika, ukapita. Jike wa kijani akaendelea kuatamia. Wengine wakachoka, wakayasukuma mayai nje ya kijibonde, wakaanza kutaga upya juu ya yaleyale.

Asubuhi moja Niyonzima alikuja karakana, akaweka yai kwenye meza ya kazi, kati ya patasi na misumari. Halikuwa jeupe tena. Lilikuwa na doa la kahawia upande mmoja, doa lenye kung'aa.

"Viza," alisema. "Yote viza, fundi. Nimeyatazama juani. Yalianza kupata damu, kisha yakafa humo humo."

Laurian aliliinua. Alihitaji pumzi moja tu. Harufu ile alikuwa ameishi nayo maisha yake yote, na jua la banda, likipasha mbao kila mchana, lilikuwa limeirudisha. Alielewa papo hapo. Jike alikuwa anaingia, kifua kinagusa mbao, kifua kinakwenda kwenye yai, na yai linazibwa pumzi kwa mafuta. Kuku hutagia kwenye majani, mbali na ukuta. Kikasuku hukaa ameugusa ukuta kila upande. Niyonzima alikuwa amemwambia. Si rangi, si vanishi, si oili.

"Labda ni kinyesi," Laurian alisema.

Niyonzima alilifuta doa kwa kidole gumba. "Labda," alisema, akalichukua yai lake, akaondoka.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, lilikuwa limekwisha kupanda juu ya ulimi. Mficha uchi hazai, na Laurian siku ile alificha uchi wake na kuwazuia wengine kuzaa. Angesema oili, angeulizwa mninga uko wapi. Angesema mninga, Mama Joyceline angelitangaza jina lake njia panda nzima, na nani tena angempa mbao fundi mwizi? Akashika randa, akaranda ubao ambao hakuna aliyeuagiza mpaka ukawa mwembamba hauna kazi.

Mama Joyceline hakuwa mjinga. Aliwaita wote wawili uani, mbele ya banda.

"Niyonzima anasema kasoro inaweza kuwa kwenye masanduku, inaweza kuwa kwenye chakula, hajui. Fundi, wewe ni mtu mzima. Masanduku yako yalikuwa mazima?"

Laurian aliwatazama vikasuku. "Mazima, mama."

"Mninga wangu?"

"Mninga mtupu."

Alisubiri Niyonzima aseme kitu. Niyonzima alitazama miguu yake. Alikuwa na ndala za rangi mbili, moja ya buluu na moja nyekundu, na Laurian akazitazama naye, maana hakukuwa na pengine pa kutazama.

"Basi," Mama Joyceline alisema taratibu, kwa masikitiko ya kweli. "Kumbe hujui ndege, kijana wangu. Ulinidanganya kwa shida zako. Sikulaumu. Lakini siwezi kwenda kwa mtendaji."

"Ndiyo, mama," Niyonzima alisema.

Tangu siku hiyo Laurian aliacha kuchoma mahindi karakana. Jumapili hakwenda kukomunika, akasingizia jino, ingawa haijulikani ni katekisimu gani inayomzuia mwenye jino. Alimwepuka Niyonzima kwa kupita nyuma ya vibanda vya mahindi. Siku waliyokutana uso kwa uso ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Niyonzima alimwamkia vilevile, "Shikamoo fundi," na Laurian akasikia marahaba yake mwenyewe inatoka nyembamba. Alikasirika. Alikasirika kwa kuwa kijana yule hakumtukana. Angemtukana wangegombana, na ugomvi una mwisho. Nyumbani, kila alipofunga komeo, mlango ulitoa mlio mzuri wa mninga mkavu, na Domisiana akasema, "Mungu akubariki, baba," akageukia ukuta, akalala. Yeye akabaki macho. Majambazi hakuwaogopa tena. Alichokiogopa kilikuwa kitandani tayari.

Kisha mgambo wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwaandika majina wakimbizi, na ikajulikana lori litakuja.

Alasiri ileile Laurian alirudi nyumbani na bisibisi na nyundo, akaanza kufungua bawaba.

Domisiana alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Unafanya nini na mlango wangu?"

Alimweleza. Hakupamba wala hakupunguza. Alimweleza mninga, oili, mayai, na lile neno alilolisema mbele ya banda. Domisiana alisikiliza akiwa amesimama, mwiko ukidondosha uji kwenye kanga.

"Niliulalia usingizi mzuri mlango huu," alisema mwishowe.

"Najua."

"Na yule mtoto wao anakuja hapa kula." Alivuta pumzi. "Vunja. Lakini usiniambie tena kwamba uliufanya kwa ajili yangu."

Hakuwa amesema hivyo. Ila ni kweli ndivyo alivyokuwa akijiambia, na mkewe alikuwa amemsoma. Akaupasua mlango kwa msumeno, akafanya kazi mpaka giza likaingia, akaanza tena alfajiri. Masanduku yalitoka mekundu, safi, yakinukia mti tu. Vijibonde alivichimba kwa patasi na kuvilainisha kwa kipande cha chupa, akavipapasa kwa kidole kama alivyomwona Niyonzima akifanya.

Jua lilikuwa limepanda alipofika gesti akiwa ameyafunga kamba mgongoni. Mama Joyceline alikuwa uani, peke yake, akimwaga ulezi kwenye banda kwa mkono usiozoea.

"Mama, nilikudanganya," Laurian alisema kabla hata ya salamu. "Mninga wako niliufanya mlango wangu. Yale masanduku ni takataka ya mkaratusi, na niliyapaka oili, na oili ndiyo iliyoua mayai. Niyonzima alinikataza tangu mwanzo. Kijana anajua ndege kuliko mimi ninavyojua mbao."

Mama Joyceline aliweka bakuli chini.

"Na mimi nilimwita mwongo," alisema. "Unaleta leo? Mtendaji yuko wapi leo? Yuko barabarani anawapandisha watu kwenye lori. Nitamwambia nini sasa, kwamba ndege wangu watataga mwezi ujao?" Kisha akavaa viatu vyake, akatangulia, karibu akimbie, na Laurian akamfuata, masanduku yakimgonga mgongoni.

Lori lilikuwa njia panda, limejaa. Mama Joyceline alikwenda moja kwa moja kwa mtendaji, na Laurian alimwona akinyoosha mikono, na mtendaji akitikisa kichwa kwa upole, akionesha gari, akionesha majina, akionesha jua. Iradukunda alikuwa amekaa juu ya furushi, Nimpaye mapajani, kitenge cha Mama Joyceline kikiwa kimewafunika wote wawili. Niyonzima alisimama humo juu, pembeni kabisa, akishika ubao wa lori.

"Fundi," alisema. "Shikamoo."

"Usiniamkie." Laurian alishika ubao uleule. "Nilipaka oili. Uliniambia, nikapaka. Na mninga niliuiba."

"Najua, fundi."

"Unajua nini?"

"Nilinusa siku ile uliponipa mkononi sanduku la kwanza. Ndiyo maana nilijaza maranda mengi. Nikaomba Mungu yasaidie."

Laurian alimtazama asimwelewe. Watu walikuwa wanapandisha masufuria na majembe. Mtoto mmoja alikuwa anatapika ubavuni mwa lori.

"Ulijua," alisema. "Ulijua, na mama alipouliza, ulikuwa umesimama pale. Kwa nini hukusema? Ungesema neno moja tu usingekuwa humo."

Niyonzima alifikiri, kama aliyekuwa akitafuta Kiswahili chake.

"Hapa wote wananiita mkimbizi," alisema. "Mama ananiita kijana wa ndege. Mgambo wananiita wewe. Anayeniita jina langu Nyakanazi nzima ulikuwa wewe tu. Nikasema moyoni, nikimwaibisha, nitabaki na nani?" Akatazama masanduku mgongoni mwa Laurian, mekundu, na uso wake ukalegea kidogo. "Hayo ni mazuri. Umeyatoa wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango wa nyumba?"

"Ndiyo."

Niyonzima alitikisa kichwa, akainama karibu ili asipaze sauti. "Basi leo msilale pale, fundi. Wewe na mama Domisiana. Ombeni chumba gesti mpaka upate mbao. Hao watu bado wanazunguka."

Injini ikawaka. Laurian alitembea na lori hatua kadhaa, mkono ukiwa bado kwenye ubao, akisema jina la Niyonzima na kushindwa kuliongezea neno lolote, mpaka mwendo ukamshinda, akaachia.

Alilia palepale njia panda, mtu mzima, mbele ya wauza mahindi na madereva, masanduku yakiwa bado mgongoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza ndizi alimpa pole, akamuuliza kama aliyechukuliwa ni ndugu yake. Laurian aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa hakuwa na ujasiri wa kumwambia yeye alikuwa nani kwake.